Kibuyu Nilichokiteka Siku ya Maziko Yako

Mtani wangu Elia,

Barua njema huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua, nilikuwepo wakati wanaifukia. Basi hapo turuke. Mimi sijambo. Magoti yananisema usiku na mchana, meno yamebaki manne na hayaelewani, lakini nimeshiba, na ndiyo maana naandika. Mwenye njaa haandiki barua. Anaandika wosia.

Najua ungecheka kuniona nimeshika kalamu. Wewe mtoto wa misheni ulisoma mpaka ukajua kusoma Injili bila kufuatisha kidole, mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa nalisomea juu ya mpera wa mwalimu. Uliwahi kusema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga majivu akapita kwenye karatasi. Haya, usome huo mwandiko sasa. Huna pa kukimbilia.

Nina habari njema, na nina dhambi moja. Nyinyi kanisani kwenu mnaungama wote kwa pamoja kama kwaya, dhambi ya mtu mmoja haisikiki. Mimi nitaungama peke yangu, na nitaungama kwako, kwa sababu nilikukosea wewe. Ila usiniharakishe. Dhambi nayo ina njia yake ya kufika.

Siku ya maziko yako nilifanya kazi yangu vizuri, hilo hata wasionipenda hawakatai. Walipomaliza kuchimba tu nikashuka kaburini na kofia yangu, nikalala chali, nikafumba macho. Nikawaambia pananitosha mimi Mnyamwezi mfupi, lakini huyu Msagara wenu ana miguu mirefu kama ngazi ya kuezekea, itabidi mumkunje. Mchungaji wenu, kijana, mgeni kutoka mjini, alidhani mwendawazimu amevamia msiba. Akawa anatafuta watu wa kunitoa. Wazee wa kwenu wakamshika mkono wakamweleza taratibu, huyo ni mtani, mwache, pasipo yeye hatuziki. Wajukuu zako wakacheka huku kamasi zinawatoka. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Babu yangu aliyekuja Kilosa kukata mkonge alizikwa na babu zako hivyohivyo, na siku ya baba yangu pale Munisagara, baba yako, mzee wa kanisa mzima, alikaa juu ya jeneza akakataa kuondoka mpaka aletewe sufuria la wali.

Usichokijua ni kwamba nilipolala mle chini nilikawia kuinuka. Udongo ulikuwa mkavu mpaka chini kabisa. Vijana walichimba urefu wa mtu mzima bila kukuta unyevu hata wa kulowesha kidole. Nikaupapasa, ukamwagika kama unga. Nikawaza, Elia, umejua kuchagua wakati wako, huku juu hakuna unachokikosa. Kisha nikainuka upesi, watu wasije wakaniona uso.

Baada ya hapo nikaingia jikoni kwako kuteka. Mtani asiyeteka kitu msibani huyo amekuja kula tu. Nikaangaza macho. Ukame ulikuwa umenitangulia. Viti vya mninga mlishauza, mbuzi mlishauza, kinu kimekauka mpaka kimepasuka. Palikuwa na kibuyu kimoja tu, kile kikubwa, kinaning'inia juu ya mafiga, cheusi kwa moshi, mdomo umezibwa kwa gunzi na kusiribwa kwa tope. Nikakitungua. Nikakitikisa, kikalia chakachaka. Nikatoka nacho nje nimekitwika, nacheza, natangaza mbele ya mchungaji kwamba mlokole huyu alikuwa anaficha mtama wa pombe. Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikaweka masharti yangu: kibuyu hiki hakirudi mpaka niletewe jogoo, na asiwe jogoo wa kupapasa ndipo umjue ni dume, awe na mkia.

Mkeo alinitazama. Shemeji Loi hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetaka kusema neno, halafu akageukia ukuta. Nikadhani ni msiba.

Nikaenda nacho nyumbani, nikakitundika sebuleni kwenye msumari, pale ilipokuwa picha yangu ya ujana iliyoliwa na mchwa. Kila mgeni aliyeingia nikamwonyesha. Mateka wangu huyo, namngojea jogoo. Nilijipa raha, Elia. Raha zenyewe zilikuwa chache.

Maana ulipoondoka ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Uliuona msimu wa vuli ule wa kwanza uliotudanganya, ukaiona masika iliyonyesha siku nne ikakumbuka kwao. Unakumbuka nilivyopanda mahindi ya pakiti mara tatu shamba moja? Mara ya kwanza yakaota yakanyauka yakiwa kimo cha goti. Mara ya pili yakaliwa na mchwa. Mara ya tatu hata kuota hayakuota, na wewe umesimama mpakani umeegemea jembe, ukaniambia, "Mtani, mvua haisomi pakiti." Nilikasirika siku mbili. Mimi nilikuwa nakucheka na mtama wako mwekundu wa marehemu mama yako, nakuita mfuga ndege. Na kweli, msimu ule hata wewe hukupata kitu cha maana. Ulipata mashuke machache, ukayakata, ukaenda nayo ndani. Sikuuliza yalikwenda wapi. Nilidhani mmekula, kama watu wote.

Basi vuli iliyofuata maziko yako haikuja kabisa. Mawingu yalipita juu yetu yakielekea Mikumi, kama watalii. Mtoni tukawa tunachimba mchanga tunangoja maji yachuruzike, unakaa na kata yako tangu asubuhi mpaka jua la utosi kwa ndoo moja, na ukishafika nyumbani ndoo hiyo hujui uinywe, uipikie au uiangalie. Wafugaji nao walishusha ng'ombe wao kwenye mashimo yaleyale, tukagombana, kisha wakaanza kufa wale ng'ombe, ugomvi ukaisha wenyewe. Tembo walitoka kule hifadhini wakaja kung'oa migomba ya watu kutafuta maji kwenye shina. Tukarudi kuchimba mizizi ya ndiga porini, kama enzi za bibi zetu. Na ndiga, wewe unajua, ina sumu, sharti uikate vipande uiloweke siku tatu kwenye maji mengi. Sasa ona akili ya Mungu na mzaha wake: chakula cha wakati wa ukame ni kile kinachotaka maji mengi. Mimi nilisema Mungu naye ni mtani wa Wanyamwezi. Mke wangu Mwajuma akaniambia ninyamaze, nitatuletea laana juu ya njaa.

Mwajuma aliniambia jambo jingine pia, mara mbili. Kirudishe kile kibuyu cha watu. Mara ya kwanza nikamwambia hajui utani, yeye Mluguru aliyelelewa mjini. Mara ya pili nikamwambia watu wa kwa Elia wakileta jogoo nitarudisha siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeshikilia masharti yangu kama karani wa zamani. Nilisema mtani akirudisha mateka bila kukombolewa ni sawa na kumwambia mfiwa, nyumba yenu haina hata kuku. Na hapo nilikuwa na haki, Elia, ni tusi kubwa. Tatizo la mila ni hilo, mtu mpumbavu nayo humpa haki.

Sasa dhambi.

Siku moja mwezi wa kumi na mbili nilirudi kutoka porini na ndiga mbili kama ngumi za mtoto. Nikiwa mbali nikasikia harufu. Uji. Uji wa nafaka, Elia, si wa mizizi. Nikaingia, Mwajuma akanipa bakuli. Uji mwekundu, mzito, una uchachu kidogo. Nikanywa. Nikaomba tena, akanipa. Nikalamba bakuli, na ule ulimi wangu unaoujua ukaanza kusifu, kwamba hata Sultani hakunywa uji huu, kwamba nani ametukumbuka. Nikainua macho ukutani. Kibuyu kilikuwa mahali pake, lakini gunzi lilikuwa limetolewa.

Nilifoka. Nikasema umekula mateka. Akaniambia, sauti ya chini kabisa, "Nimechota makonzi matatu. Wewe ulitundika chakula ukutani watu wakitazame, na wanaokitazama wana njaa." Nikakitungua nikizibe, na hapo mkono wangu ukapita kwenye mdomo wake, ukatoka na majivu.

Nikakaa chini, kwenye sakafu.

Nani anatia majivu kwenye mtama wa kula? Nani anatia majivu kwenye mtama wa pombe? Majivu yanatiwa kwenye mbegu, fukusi asiiguse. Na mbegu inatundikwa juu ya moto, ipate moshi kila siku, haitundikwi sebuleni kwenye msumari ionyeshwe wageni. Nikakumbuka yale mashuke machache uliyoyakata ukaenda nayo ndani. Nikakumbuka nilivyokuja kukutazama siku zako za mwisho, kifua kimekubana, umelala jikoni kwenye joto la moto, unakunywa uji wa pumba, uji wa kupewa kuku, nami nikakutania kwamba utawika. Ukacheka ukakohoa. Na juu ya kichwa chako, mtani, kilikuwa kinaning'inia kibuyu kizima, na hukukigusa.

Mimi nilikunywa bakuli mbili. Ndiyo dhambi yangu hiyo. Nimeiandika kwa herufi kubwa kubwa ili usiseme mwandiko haukusomeka.

Usingizi haukuja. Mwajuma naye alikuwa macho, nilimsikia. Alfajiri akaniambia, "Nenda." Nikatia kibuyu kwenye gunia nikaenda, na nilipita njia ya nyuma kama mwizi, maana ndiyo nilivyokuwa.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika maneno yote yakaniponyoka, nikaweka gunia chini, nikamwambia mkeo nimekula mbegu yenu. Makonzi matatu. Nikamwambia sikujua kama ni mbegu, nikamwuliza kama mna nyingine. Akasema hakuna nyingine. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema jua limetoka.

Nikamwuliza, shemeji, kwa nini hukuniambia siku ile ile? Ungesema neno moja tu, hii ni mbegu, ningeiweka chini.

Akaniambia, "Mtani hakatazwi siku ya maziko. Ningekukataza, wangesema Elia amezikwa kwa uchoyo."

Unaona? Yeye aliogopa kukuaibisha wewe, mimi niliogopa kumwaibisha yeye, na katikati ya heshima hizo mbili shamba lako lilikuwa linakosa mbegu. Sijui nicheke au nilie. Nikamwuliza basi ulikuwa unangoja nini miezi yote hii. Akanyanyuka, akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba.

Elia, laiti ungeona. Chini ya tenga palikuwa na kifaranga. Si kifaranga, si kuku, kitu cha katikati. Manyoya nusu, shingo wazi, kilemba hakijaamua kama kitatoka. Kumbe siku unazikwa palibaki kuku jike mmoja tu hapo kwenu, wengine walishakufa kwa ugonjwa wa kideri. Mkeo akamwatamisha. Mayai matano, wakaanguliwa watatu, wawili majike wakachukuliwa na kipanga, akabaki huyu. Na huyu alikuwa dume. Nafaka ya kumlisha hakuna, kwa hiyo kila siku kabla ya kwenda mtoni Loi alikuwa anabomoa vichuguu kumtafutia mchwa. Miezi mitatu na nusu. Mwanamke mjane, njaa inamkata, analea jogoo ili akakomboe mbegu kwa mpumbavu mmoja aliyesema lazima awe na mkia.

Nilimtazama yule ndege. Mkia ulikuwa unyoya mmoja.

Nikamwambia shemeji, huyu amefika. Huyu ni jogoo kamili, nimewahi kuona majemadari wabovu kuliko huyu. Akasema hapana, hajawika, usinionee huruma, utani una masharti yake. Mkaidi kama wewe, mlifaana. Ikabidi nisimame wima, nivae uso wa kazi, nikague yule kuku mbele na nyuma kama bwana shamba. Nikatangaza kwa sauti, hata majirani wasikie, kwamba mkia nimeuona, kibuyu kimekombolewa, nyumba ya Elia haidaiwi na Mnyamwezi. Hapo ndipo alipokipokea. Alikipokea kwa mikono miwili akakaa nacho chini, akakipakata. Nikageuka kutazama vichuguu.

Lakini kazi haikuwa imeisha. Mbegu iliyokaa miezi mitatu na nusu nje ya moshi, sebuleni, joto lile, nani anajua kama ina uhai? Loi alichota kiganja, akazitandaza mbegu kumi kwenye kitambaa cha gunia, akazifunika, akazilowesha kwa maji aliyokuwa amenawia uso. Maji mengine hayakuwepo. Tukaweka karibu na mafiga. Akasema siku nne.

Siku ya kwanza nilipita nikajifanya natafuta mbuzi. Sina mbuzi. Siku ya pili nikasema yule jogoo wangu niliyekwenda naye nyumbani amenituma kumjulia hali mama yake. Siku ya tatu sikutafuta uongo, nikakaa tu mlangoni. Akafunua, hakuna kitu. Mbegu zimevimba zimelala. Nikamwona anahesabu tena kana kwamba zimepungua. Nikarudi nyumbani, Mwajuma akanitazama usoni akajua.

Niseme ukweli, maana kwa maiti hakuna wa kujipendekeza. Usiku ule niliomba. Sikuwa nimeomba kitu chochote tangu pale mtoto wetu wa mwisho alipougua. Sikuomba mvua, watu wengi walikuwa wanaomba mvua, foleni ni ndefu. Niliomba mbegu kumi. Nilisema hata sita.

Siku ya nne Loi alikuwa ananingoja uani. Alishika kile kitambaa kama mtu aliyeshika yai. Akafunua. Kamkia keupe. Kengine. Kengine. Nane, Elia. Nane zimeota, na ya tisa ilikuwa imepasuka inafikiria. Nilitaka kusema mzaha, mzaha haukuja. Nikavua kofia nikapangusa uso nayo, nikasema jasho. Akaniambia asubuhi hiyo hakuna jua. Nikatazama juu, na kweli, hapakuwa na jua.

Sitakuchosha na mvua. Mvua unaijua. Ilikuja wiki ya pili ya Januari kutoka upande wa milima yenu, kwanza harufu, kisha upepo, kisha ngoma juu ya bati. Ile treni mpya ya umeme ilipita kule bondeni taa zimewashwa mchana, na watu walikuwa wamesimama mashambani midomo wazi, nadhani abiria walidhani tunawapungia wao. Mwajuma aliweka nje kila chombo, mpaka kikombe cha dawa ya meno yangu manne.

Tulipanda shamba lako kwanza. Hilo lilikuwa sharti langu na safari hii sikutaka jogoo. Mimi natoboa kwa jembe, Loi anadondosha, Mwajuma anafukia kwa mguu. Nilijaribu kupiga mstari ulionyooka kama ulivyokuwa unapiga wewe. Haukunyooka. Mtu akisimama barabarani ataona mtama wa Elia umepanda mlima mahali pasipo na mlima. Ilipobaki mbegu, Loi akanichotea makonzi matatu kwa ajili ya shamba langu. Akahesabu, moja, mbili, tatu, ananitazama.

Halafu mtama ukaota, ukazaa, na wakaja ndege. Mfuga ndege! Nilijenga dungu katikati ya shamba lako, nikapanda juu yake na kombeo, mzee mzima, naamia kweleakwelea tangu alfajiri. Jiwe la kwanza lilimpiga mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji. La pili sisemi. Ila juu ya lile dungu nilielewa kitu ulichokuwa unakifanya pale kila mwaka huku mimi nakucheka chini. Mtu akiwa pale juu anaona kila kitu. Nyumba yako, nyumba yangu, njia ya kwenda kisimani, na mpaka wetu ambao tumeubishania miaka arobaini, na ukiwa juu huoni hata ulipo. Ulikuwa unaniona kila siku, mtani, na hukusema.

Tumevuna. Si mwingi wa kujivunia sokoni Kilosa, ila ghala limejaa, lako na langu. Mashuke marefu mekundu, yameinama kama watu wanaosali. Wiki iliyopita tulikuwa uani kwako tunapura, wanawake wanaimba, vumbi la mtama linawasha mpaka sehemu sizitaji. Mimi nimesimama natoa amri, kazi yangu hiyo. Mara nikahisi upepo kichwani. Nageuka, kofia yangu iko kwa Loi.

Mkeo, Elia. Mzee wa kwaya. Ameivaa juu ya kitambaa chake, imemwangukia sikioni, anazunguka uani anatembea kama ninavyotembea mimi, ule mguu mmoja unaoburuta, na anatangaza kwa sauti yangu kabisa kwamba kofia hii hairudi mpaka aletewe jogoo, na awe na mkia. Watu waliketi chini. Mwajuma alilia kwa kucheka. Na Loi mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu tulipokufukia, ule mcheko wake wa kushika kiuno.

Unajua lililokuwa linanisumbua mwaka mzima? Si njaa tu. Nilikuwa najiuliza, Elia umetangulia, sasa siku yangu nani atalala kaburini mwangu awaambie watu ni pana mno? Nani atanivunjia heshima? Mtu akizikwa bila mtani anazikwa kama afisa. Nilimwambia Loi hivyo nilipokuwa nambembeleza kofia. Akaniambia, "Kaburini siwezi kushuka, magoti hayaniruhusu. Ila jikoni kwako nitaingia, na nitakachokichukua utajua mwenyewe."

Nimepumua, Elia. Sijui neno jingine. Nimepumua.

Yule ndege wako yupo hapa kwangu. Amekuwa jogoo, mkia wake kama wa bwana harusi, nimempa jina lako kwa sababu anawika wakati usiofaa na anapenda kuwaonya wengine. Mwajuma anamtazama kwa jicho la sufuria. Ninaahidi hataliwa mpaka siku nitakayoamua kuikomboa kofia, na sina haraka, ninakuandikia kichwa wazi na utosi unang'aa, majirani wamezoea.

Na ninakuahidi hili jingine, bila mzaha, kwa hiyo sikiliza vizuri maana halitarudiwa. Kibuyu chako nimekijaza mimi mwenyewe, kwa mashuke bora, nimetia majivu, nimesiriba tope. Kiko jikoni kwa Loi juu ya moto, mahali pake. Kingine kama hicho kiko jikoni kwangu. Njaa ikirudi, na itarudi, tutakunywa uji wa pumba tukiwa tumekaa chini yake, nami nitawika.

Lala, mtani. Kunja miguu, nilikuambia ni pafupi.

Mimi mwenye kichwa wazi,
Shabani